Kumuenzi mama wa sokoni kwa kusomesha mabinti: hatua kwa hatua

Siku ya kuanua matanga, mweka hazina wa kamati ya msiba wa mama mwenzetu wa sokoni alisimama na daftari la rambirambi, akasoma kilichobaki baada ya kulipa jeneza, turubai, chakula na usafiri wa kwenda kuzika kisiwani Ukerewe. Kabla hajakaa, mama mmoja wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, akasema: "Hizi tusigawane. Tumsomeshee mabinti." Watu walilia. Siku ile hakuna aliyeuliza mabinti gani, wa shule ipi, na nani atashika pesa.

Mimi ndiye niliyepewa ukatibu. Jina la marehemu silitaji hapa kwa heshima ya wanawe, ila Mwaloni nzima inamjua: alianza kwa kupima dagaa kwa kopo, akaishia kupakia magunia kwenye malori ya wanunuzi wa Congo na Burundi. Nimeandika mwongozo huu kwa wenzangu wa masoko mengine ambao wamefiwa na mama wa aina hiyo na wana wazo kama letu mkononi.

Hatua ya 1: Kaeni na familia kabla ya kutangaza lolote

Rambirambi ni ya wafiwa. Hata kama wazo limetoka kwa wafanyabiashara wenzake, wenye kauli ni wanawe na ndugu zake. Subirini arobaini ipite ndipo mwende na watu wawili watatu, mkae chini, muulize mambo mawili: wanaridhia jina la mama yao litumike? Na nani katika familia ataingia kwenye kamati? Majibu yaandikwe na yatiwe saini.

Tenganisheni mchango na mirathi. Magunia yaliyoko ghalani, mtumbwi, kibanda na salio la benki ni mirathi, na haviguswi mpaka msimamizi ateuliwe na mahakama. Nimeona kamati ya soko jingine ikiuza mali ya marehemu kwa nia njema kabisa ili ianzishe mfuko, na mwisho wake ukawa kesi kati ya ndugu. Kama marehemu aliacha wosia unaotaja masomo, usomwe na uthibitishwe kwanza. Kwa Waislamu wosia hauvuki theluthi ya mali bila ridhaa ya warithi, kwa hiyo sheikh wenu aulizwe mapema. Familia nyingi za Kiislamu hulipokea jambo hili kama sadaka yenye kuendelea, na hilo huwapa moyo kuliko hotuba zetu zote.

Hatua ya 2: Tafuteni alichokuwa akikifanya mwenyewe

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Binti yake mkubwa alituletea daftari la madeni, lile la jalada gumu jekundu na nyeusi, kingo zimelainika na lina harufu ya dagaa mpaka leo. Kurasa za mbele ni biashara: gunia, bei, nani kachukua, nani kalipa. Kurasa za nyuma, zilizoandikwa daftari likiwa limegeuzwa, ni jambo jingine. "Binti wa Bugolora, godoro na ndoo." "Mjukuu wa mama Nansio, chumba miezi 3." "Yule wa cherehani, uzi na mkasi." Mbele ya kila mstari aliweka alama ya vema pale kitu kilipofika. Hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa "ada".

Tulikuwa tumekwisha kubaliana tulipe ada. Kurasa zile zilitubadilisha mawazo papo hapo, na mfuko ukachukua sura ya mama mwenyewe: vitu vidogo, kwa jina la mtu, kwa wakati wake. Waulizeni wapishi, wabeba mizigo, dereva wake, mama aliyekuwa akikaa naye kizimba kimoja. Mtaambiwa mambo ambayo hayasomwi kwenye wasifu wa marehemu kaburini.

Hatua ya 3: Tazameni pengo liko wapi

Ada ya sekondari za serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na sita. Ada yenyewe ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Kwa wanaoingia vyuo vikuu kuna Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, na tangu 2023/24 imeanza kukopesha pia baadhi ya kozi za stashahada. Mkikusanya milioni tano na kuzipeleka huko, mtakuwa mnamwaga maji ziwani.

Pengo la kwetu lilikuwa sehemu tatu. La kwanza ni geto. Shule ya kata iko mbali na kijiji, bweni hakuna au limejaa, basi binti wa miaka kumi na minne anapangishiwa chumba karibu na shule, anajipikia, analala peke yake. Anayemlipia kodi ana sauti juu yake. Wazazi wa visiwani wanajua ninachosema. Kodi ya chumba salama, au bora zaidi nafasi ya hosteli yenye matroni, inamlinda binti kuliko ada ilivyowahi kumlinda.

La pili ni ile orodha iliyo kwenye fomu ya maelekezo ya kujiunga kidato cha tano: godoro, shuka, ndoo, sare, karatasi, nauli ya kwenda mkoa ambao familia haijawahi kufika. Binti kafaulu, kapangiwa shule, anabaki nyumbani kwa sababu ya godoro.

La tatu ni ufundi. VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, ina ada nafuu, lakini fundi umeme bila koleo na fundi cherehani bila cherehani hawajatoka na kazi. Hapa ndipo tulipoweka pia mabinti waliojifungua wakiwa shuleni. Tangu Novemba 2021 serikali imewafungulia mlango wa kurudi, lakini kurudi kunahitaji mtu wa kumshika mtoto na maziwa ya mchana, na fungu la hayo hakuna anayelitenga.

Chagueni pengo moja, mkizidi sana mawili. Sisi tulianza na chumba peke yake mwaka mzima.

Hatua ya 4: Umbo la kisheria

Njia ziko tatu. Rahisi kuliko zote ni kuuweka mfuko ndani ya taasisi iliyokwisha sajiliwa, kama parokia, msikiti au chama cha soko, kwa makubaliano ya maandishi na akaunti yake ya pekee. Ya pili ni kikundi cha kijamii: mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, mkiwa na katiba na muhtasari wa kikao. Ya tatu ni kusajili bodi ya wadhamini kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318. Hii inafaa mkiwa na mali ya kudumu, kiwanja au fremu ya duka, kwa sababu mali inakaa kwa jina la bodi na haimfuati mjumbe akifa au akihama.

Vyovyote mtakavyochagua, akaunti iwe na watia saini watatu na kila malipo yatiwe saini na wawili, mmoja wao akiwa mwanafamilia. Pesa za mfuko zisilale kwenye simu ya mweka hazina hata usiku mmoja. Awe mwaminifu namna gani, simu huibwa na mtu hufariki.

Hatua ya 5: Mtaji usioliwa

Mifuko mingi ya kumuenzi mtu hufa mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza watu wana uchungu na wanachanga, wa pili wanakumbushwa, wa tatu wanaikwepa simu ya katibu. Dawa ni kuweka kando mtaji ambao hauguswi, mabinti wakasomeshwa kwa kinachozaliwa.

Sisi tulinunua hatifungani za serikali, yaani tuliikopesha serikali nayo hutulipa riba. Benki Kuu huziuza kwa mnada kuanzia shilingi 1,000,000, za miaka 2 hadi 25, mnaingia kupitia benki yenu au dalali wa soko la hisa. Tuseme mna milioni 10 kwenye hatifungani ya asilimia 12 kwa mwaka: mnapata 1,200,000, kwa awamu mbili za 600,000 kila baada ya miezi sita. Angalieni tarehe za malipo kabla ya kununua. Kidato cha kwanza huanza Januari na cha tano huanza Julai, kwa hiyo riba inayoingia Desemba na Juni inamkuta binti kabla hajasafiri. Inayoingia Machi inamkuta amekwisha kosa nafasi.

Wenzetu Waislamu walisema wazi kwamba pesa yao isiingie kwenye riba, na hoja yao tuliiheshimu. Fungu lao limejenga fremu moja, imepangishwa, kodi yake inaingia mfukoni. Sasa naona ni busara hata kwa wasio Waislamu kuwa na vyote viwili.

Michango ya kila mwezi iende na pumzi ya biashara yenyewe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala na Mwaloni kunapoa. Mwanzoni tulikusanya kila tarehe 30, na kila mwezi wadaiwa wakawa wengi. Mama mmoja ndiye aliyetuamsha: "Mnatudai mbalamwezi." Tangu hapo tunakusanya siku ya tano ya giza, asubuhi, magunia yakiwa yanapakiwa, na wasiotoa ni wachache mno. Kama soko lenu ni la mpunga au korosho, fuateni msimu wake namna hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Fomu na uchaguzi

Fomu iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, bure, ipatikane shuleni, kwa mtendaji wa kata na sokoni. Ulizeni jina, shule, anaishi na nani, anahitaji kitu gani na kinagharimu kiasi gani, na nani mwingine anamsaidia. Msidai insha ya kurasa tatu. Binti mwenye shida kuliko wote mara nyingi hana aliyemfundisha kujieleza kwa wageni.

Kamati yetu ina watu watano: mwanafamilia, wanawake wawili wa soko, mwalimu mstaafu, na afisa maendeleo. Mjumbe ambaye ndugu yake ameomba anatoka nje, na muhtasari unaandika kwamba alitoka. Alama za darasani tunazitazama, lakini hazina nguvu peke yake. Mwalimu wetu hutafuta binti ambaye alama zake zilishuka ghafla, kisha anauliza nyumbani kulitokea nini.

Kuna kanuni moja ambayo hatuilegezi. Mwanamume hakutani na mwombaji peke yake, hampigii simu usiku, hamtembelei getoni. Mahojiano hufanyika mchana, mahali pa wazi, wanawake wawili wakiwepo. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai katika sheria ya TAKUKURU ya 2007, na kila mwombaji tunamweleza hivyo kwa mdomo, na namba ya mwanamke wa kumpigia tunampa siku hiyo hiyo.

Fomu hukaa ndani ya kabati lenye kufuli. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata kabla ya sheria, shida ya mtoto wa mtu haikuwa habari ya kijiweni. Ndiyo maana hatupigi picha za kukabidhi hundi kubwa wala haturushi majina kwenye magrupu.

Hatua ya 7: Lipeni kitu, palepale kinapohitajika

Mwaka wa kwanza tulimkabidhi mlezi pesa taslimu za chumba. Chumba hakikulipwa, na binti alitolewa nje wiki ya mitihani, vitabu vikiwa kwenye mfuko wa salfeti. Lile lilikuwa kosa letu, kwa kuwa hatukuwa tumemuuliza mwenye nyumba hata jina. Sasa tunaandikishana na mwenye nyumba, mjumbe wa mtaa akishuhudia, na tunamlipa yeye kwa miezi sita. Malipo ya shule au chuo yanapitia kontroli namba, ile namba ya kulipia moja kwa moja serikalini. Godoro tunanunua wenyewe na kulipakia. Pesa ndogo ya sabuni, taulo za kike na mboga hupitia kwa matroni au mama jirani tuliyemchagua pamoja na mzazi, kwa sababu laini ya simu ya binti wa chini ya miaka 18 mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Ahidini kwa muda wote wa masomo yake. Kumsaidia kidato cha tano na kumwacha cha sita ni kumkatia kamba akiwa katikati ya kisima. Kama pesa inatosha mabinti wawili hadi mwisho, wawe wawili.

Hatua ya 8: Kila mwaka, siku ya kumbukumbu yake

Tunakutana sokoni, si hotelini. Mweka hazina anasoma kilichoingia na kilichotoka, karatasi inabandikwa kwenye ubao wa soko, yeyote anauliza. Mabinti wanaoweza kufika wanafika, na hatuwalazimishi kushukuru mbele ya watu.

Daftari la zamani halikuwa limejaa. Familia ilikubali tuendelee nalo, kutokea kurasa za nyuma pale alipoishia. Kila binti anaandika mstari wake kwa mkono wake mwenyewe, na alama ya vema anaiweka yeye siku kitu kikimfikia. Mstari wa mwisho hadi leo unasema: "Chumba, Julai hadi Desemba. Mlango una kitasa na komeo kwa ndani." Vema yake ipo.