Jaribio la Pua Iliyobanwa: Ladha na Harufu Darasani

Jaribio hili linawafaa wanafunzi wa Gredi ya 7 na zaidi, na viungo vyake vyote hupatikana katika soko la Marikiti kwa bei nafuu. Lisifanywe mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa wanafunzi wengi wa Mombasa huwa wamefunga, na waulizwe mapema kama yupo anayedhuriwa na kiungo chochote.

Hatua ya 1. Chemsha maji ya sukari katika sufuria tatu: ya kwanza utie iliki zilizopondwa, ya pili vijiti vya mdalasini, na ya tatu iwe na sukari tupu. Chuja, kisha uache yapoe. Usitumie pilipili wala tangawizi, kwani ukali wake hupokewa na neva nyingine na huhisiwa hata pua ikiwa imebanwa. Karafuu nayo hutia ulimi ganzi.

Hatua ya 2. Mwanafunzi afungwe kitambaa machoni, maana mdalasini hubadilisha rangi ya maji, na abane pua kabla kijiko hakijamkaribia. Mwenzake amwonjeshe bila kumtajia ni maji gani.

Hatua ya 3. Pua ikiwa ingali imebanwa, aseme anachohisi na jibu liandikwe papo hapo. Wengi husema "tamu" tu kwa vyote vitatu. Kwa maoni yangu hapa ndipo mwalimu anapaswa kuwa mkali, kwa sababu mtoto akishajua alichoonja husadiki kwamba alikijua tangu mwanzo.

Hatua ya 4. Ameze, aachie pua, kisha atoe pumzi kupitia puani. Iliki itajitokeza ghafla, kwa kuwa harufu yake hupanda kutoka nyuma ya kinywa hadi kwenye vipokezi vilivyo juu ndani ya pua, ambavyo binadamu anavyo vya aina zipatazo 400, ilhali ulimi hutambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na umami (ladha kama ya mchuzi wa nyama). Ubongo huziunganisha taarifa hizo na kuzihesabu zote kuwa zimetoka kinywani, ndiyo maana mwanafunzi yuko tayari kuapa kwamba iliki ameionja kwa ulimi. Linda Buck na Richard Axel, waliogundua jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Hatua ya 5. Baada ya kusukutua, kila mmoja achovye kijiti cha pamba katika maji ya sukari tupu na kujigusa ubavuni mwa ulimi. Utamu utahisiwa huko pia, wala si kwenye ncha peke yake. Kwa hiyo ule mchoro wa ulimi uliogawanywa maeneo, kila ladha na eneo lake, ikiwa bado umetundikwa ukutani, uondolewe siku hiyo hiyo.