Old School RuneScape: jinsi ya kupandisha Crafting kwenye akaunti ya bure na kufanya biashara ya hirizi

Gemu hii inachezwa kwenye simu na kompyuta kwa akaunti ileile, na Crafting (ufundi wa kutengeneza vitu) ni mojawapo ya kazi ambazo mchezaji asiyelipia anaweza kuzipandisha hadi ziingize pesa. Mwongozo huu unaanzia leveli 1 hadi leveli 50, pale hirizi za rubi zinapofunguka, kisha unaingia kwenye hesabu ya faida. Kupandisha leveli na kutafuta pesa ni kazi mbili tofauti. Wanaozichanganya ndio hufika leveli 50 wakiwa hawana mtaji wa kununua hata rubi mia.

Majina ya vitu ambayo utayaandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha Grand Exchange (soko la ndani ya gemu) nimeyaacha kama yalivyo ndani ya gemu.

Hatua ya 1: ondoa vizuizi vya akaunti mpya

Akaunti mpya ya bure huwekewa vizuizi vya biashara hadi itimize mambo matatu: saa 20 za kucheza, pointi 10 za misheni, na jumla ya leveli 100 ukichanganya kazi zote. Pointi hizo zitafute kwenye misheni zinazokupa pia XP (pointi za uzoefu) ya Crafting.

Sheep Shearer inatoa pointi 1 na XP 150. Inataka madonge 20 ya sufu. Usiyanunue. Nyoa kondoo wa mji wa Lumbridge mwenyewe, kisha sokota sufu kwenye gurudumu lililo ndani ya ngome, kwa sababu kila donge linakupa XP 2.5, yaani 50 kwa madonge yote.

Goblin Diplomacy inatoa pointi 5 na XP 200. Inahitaji Goblin mail (deraya za goblin) tatu, rangi ya bluu na rangi ya chungwa. Rangi hutengenezwa na Aggie wa Draynor kwa sarafu 5 kila moja: nyekundu kwa Redberries 3, njano kwa vitunguu 2, bluu kwa Woad leaf 2. Nyekundu ukiichanganya na njano unapata chungwa. Woad leaf anazo Wyson, mtunza bustani wa Falador; mpe sarafu 20 atakupa mbili.

Ongeza Romeo & Juliet yenye pointi 5, na jumla inakuwa pointi 11. Upande wa Crafting una XP 400, na leveli 5 huanzia 388.

Hatua ya 2: glovu za ngozi hadi leveli 8

Ua ng'ombe wa Lumbridge, kusanya ngozi 30, zipeleke Al Kharid kwa Ellis. Ngozi laini anatengeneza kwa sarafu 1 kila moja. Hapohapo mjini, kwenye duka la Dommik, nunua sindano, nyuzi 6, patasi na kalibu ya hirizi, ile inayoitwa Amulet mould. Uzi mmoja unashona vitu vitano.

Shona glovu 30, kila moja XP 13.8. Usipunguze hata moja: kwa XP 400 ulizonazo, glovu 29 zinakufikisha 800.2, na leveli 8 inaanzia 801.

Hatua ya 3: hirizi za dhahabu hadi leveli 20

Nunua Gold bar 122. Beba pau 27 na kalibu moja, begi lijae nafasi zake 28, kisha gusa tanuru na uchague hirizi. Kila moja ni XP 30. Hirizi 122 zinakufikisha XP 4,474, na leveli 20 inaanzia 4,470.

Ziuze hivyohivyo bila kuzitia uzi. Kwa kiasi hiki kidogo tanuru la Al Kharid linatosha, ila ukishaanza kazi ya wingi hamia Edgeville, ambako tanuru liko karibu zaidi na benki kuliko matanuru mengine ya wachezaji wa bure.

Hatua ya 4: kuchonga vito hadi leveli 50

Hapa ndipo XP inakimbia. Huhitaji tanuru: simama ndani ya benki ukiwa na patasi na vito 27, gusa patasi, gusa kito, chagua kuchonga vyote. Kila kito kinachukua tiki 2. Tiki moja ni sekunde 0.6, kwa hiyo begi zima linaisha kwa sekunde 32 hivi.

Leveli 20 hadi 27: Uncut sapphire 106, XP 50 kila moja.
Leveli 27 hadi 34: Uncut emerald (zumaridi) 155, XP 67.5 kila moja.
Leveli 34 hadi 43: Uncut ruby 355, XP 85 kila moja.
Leveli 43 hadi 50: Uncut diamond 474 zenye XP 107.5, au endelea na rubi 600.

Kabla ya kununua, linganisha bei ya kito kibichi na kilichochongwa. Mara nyingi kibichi ni ghali zaidi, kwa sababu wanaotaka XP ni wengi kuliko wanaotaka kito chenyewe. Ukipoteza sarafu 30 kwa kila zumaridi, zumaridi 155 zinakula sarafu 4,650. Hiyo ni bei ya leveli saba, na ni wewe wa kuamua kama unaimudu. Kama mtaji ni mdogo, tumia njia ya polepole: kuanzia leveli 23 unaweza kutengeneza Tiara kwa Silver bar na Tiara mould, XP 52.5 kila moja. Badala ya zumaridi 155 utahitaji Tiara 200 kutoka leveli 27 hadi 34, lakini pau za fedha ni rahisi kununua na hasara ikitokea huwa ndogo.

Rubi ulizochonga usiziuze zote. Weka akiba benki, utazihitaji hatua ya 6.

Hatua ya 5: jua bei halisi ya soko

Bei inayoonyeshwa kwenye Grand Exchange ni ya kukuongoza tu, na huwa nyuma ya soko. Bei halisi inapatikana hivi: nunua kitu kimoja kwa bei ya juu kuliko kawaida. Soko litakukata bei ya muuzaji na kukurudishia chenji, na hiyo ndiyo bei ya kununua papo hapo. Halafu kiuze kilekile kwa bei ya chini sana; utakachopata kabla ya kodi ndiyo bei ya kuuza papo hapo. Kati ya namba hizo mbili ndipo biashara ilipo. OSRS Wiki (tovuti ya maelezo ya gemu hii) nayo ina ukurasa wa bei zinazobadilika muda wote, unafaa kuangalia kama kitu kinatembea au kimekwama, ila kipimo cha kitu kimoja ndicho kinachoonyesha hali ya dakika ile.

Usibonyeze kitufe cha kuongeza asilimia 5 unaponunua malighafi. Kwenye hirizi faida nzima mara nyingi haifiki hiyo asilimia 5. Weka oda karibu na bei ya chini, uende ukafanye kazi nyingine, urudi. Akaunti ya bure ina nafasi 3 tu za oda: moja iwe ya pau, moja ya rubi, moja ya kuuzia.

Kuna mambo mawili yanayosahaulika. Kodi ya soko ni 2% na inamkata muuzaji, na sehemu isiyofika sarafu nzima haihesabiwi. Kitu cha chini ya sarafu 50 hakikatwi. Na kila bidhaa ina kikomo cha manunuzi ndani ya saa 4. Oda ikisimama ghafla wakati bei yako ni nzuri, huenda umefika kikomo, basi usipandishe bei kwa hasira.

Hatua ya 6: hesabu ya hirizi ya rubi

Ruby amulet inahitaji leveli 50: pau moja ya dhahabu na rubi moja iliyochongwa. Inapotoka kwenye tanuru haina uzi, na sokoni jina lake linaishia na herufi u. Ukiitia donge la sufu unapata XP 4 na inakuwa hirizi kamili. Ukiizindika kwa uchawi wa Lvl-3 Enchant inageuka Amulet of strength, ambayo wapiganaji wa bure wanaivaa kwa ajili ya nguvu zake, na ndiyo maana haikosi mnunuzi. Kuzindika kunahitaji leveli 49 ya Magic (kazi ya uchawi) na runi, yaani vijiwe vya kufanyia uchawi: Cosmic rune 1 na Fire rune 5. Ukishika Staff of fire, Fire rune hazitumiki. Kila hirizi inakupa XP 59 ya Magic.

Kuna vituo vitatu vya kuuzia, na kila kimoja lazima kihesabiwe peke yake. Bei hizi ni za mfano wa hesabu tu. Tuseme pau ni 110, rubi 950, donge la sufu 60, Cosmic rune 110.

Bila uzi: gharama 1,060. Inauzwa 1,120, kodi 22, unabaki na 1,098. Faida 38.

Yenye uzi: gharama 1,120. Inauzwa 1,150, kodi 23, unabaki na 1,127. Faida 7.

Iliyozindikwa: gharama 1,230. Inauzwa 1,340, kodi 26, unabaki na 1,314. Faida 84.

Cha kwanza unachokiona ni kwamba kituo cha kati ni mtego. Umenunua sufu, umetumia muda, na faida imepungua.

Cha pili kinahitaji saa. Tanuru linachukua tiki 3 kwa hirizi, hivyo 27 zinatoka kwa sekunde 48.6, na ukijumlisha benki tuseme sekunde 70. Kutia uzi ni polepole kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu sufu nayo inakula nafasi: begi linabeba hirizi 14 na madonge 14 tu, kwa hiyo hirizi 27 zinataka mizunguko miwili. Ongeza kuzindika, na tuseme mzigo wa 27 umekula sekunde 190 kwa jumla. Kituo cha kwanza kinakupa 38 mara 27, yaani 1,026 kwa sekunde 70, karibu sarafu 52,800 kwa saa. Kituo cha tatu kinakupa 2,268 kwa sekunde 190, karibu 43,000 kwa saa. Faida ya 84 imeshindwa na faida ya 38.

Je, uachane na kuzindika? Inategemea kinachokubana. Kama rubi zinapatikana bila shida na muda wako ni mfupi, uza bila uzi. Kama rubi zimefika kikomo cha saa 4, au mtaji wako unatosha rubi 200 tu, basi kila rubi inatakiwa izae kadiri inavyoweza: zindika. XP ya Magic nayo ina thamani kwa anayeihitaji. Pima mzunguko wako kwa saa ya simu, kwa sababu kasi ya vidole na mtandao inatofautiana, kisha weka namba zako mwenyewe kwenye hesabu hii.

Yanayoharibika, na kwa nini

*Hirizi haziuziki.* Umemwaga nyingi kwa wakati mmoja. Uza mizigo ya 100 hadi 200, na usinunue malighafi mpya kabla sehemu ya kwanza haijageuka pesa.

*Malighafi imeshuka bei ukiwa nayo benki.* Usiweke akiba inayozidi unachoweza kutengeneza siku hiyo. Sasisho la gemu likitangazwa, bei huyumba kabla hata halijatoka.

*Kazi inasimama katikati.* Kwenye simu, ujumbe wa kupanda leveli hukatiza utengenezaji. Ugonge upite, uanze tena. Mtandao ukikatika hupotezi kitu, vilivyobaki viko begini.

*Mtu anaahidi kukurudishia pesa mara mbili.* Ni tapeli, kila mara. Vilevile usimfuate mgeni kuvuka mtaro wa kaskazini ya Edgeville ukiwa na mzigo. Ng'ambo ni Wilderness, ambako mchezaji mwingine anaweza kukuua na kuchukua vitu vyako.

*Akaunti imefungwa.* Programu za kubonyeza zenyewe na ununuzi wa sarafu kwa pesa halisi nje ya gemu vyote vinakatazwa. Njia halali ya kupata uanachama, yaani akaunti ya kulipia, bila kadi ya benki ni kununua Bond kwa sarafu pale Grand Exchange. Moja inakupa siku 14.

Ukipata Bond

Usiitumie kabla ya kujiandaa, siku 14 zinaenda. Ingia ukiwa na leveli 63 ya Crafting tayari: Green d'hide body inatumia ngozi 3 za joka na inatoa XP 186, na kwa High Level Alchemy inabadilishwa kuwa sarafu 4,680, hivyo unajua bei haitashuka sana chini ya hapo. Leveli 66 inafungua Air battlestaff (fimbo), XP 137.5, ambayo kwa uchawi huohuo ni sarafu 9,300. Uchawi huo unataka leveli 55 ya Magic na Nature rune moja kila mara, na gharama ya hiyo runi lazima iingie kwenye hesabu. Ukiwa mwanachama nafasi za oda zinakuwa 8, kwa hiyo unaweza kuacha oda za ngozi, fimbo na runi zikijaa pamoja unapokuwa umelala.