Mwani kwa ajili ya ubongo, anza hivi
Anza na DHA, yale mafuta ya omega-3 ambayo hata samaki wanayapata kutoka kwenye mwani, ubongo unayatumia kujenga utando wa seli zake. Halafu kuna astaksanthini, rangi nyekundu inayotoka kwenye mwani, ukipasua kidonge chake unaona wekundu uliokolea kama damu, hii inayeyuka kwenye mafuta kwa hiyo imeze na chakula chenye mafuta, ukimeza tumbo tupu nyingi inapita tu. Ila jamani ushahidi mwingi wa astaksanthini kwa ubongo ni wa maabara na panya, usiache dawa za Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) au Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu)! Mwani wa kahawia una fukoksanthini, rangi yake ya asili, lakini pia madini joto mengi, mwenye goita amuone daktari kwanza.