SOMO: Kula na kongosho bovu ukiwa Moshi (soma lote kabla hujauliza)

Wiki hii tu nimeulizwa mara nne inboksi "dada we na kongosho (kile kiungo nyuma ya tumbo kinachotoa vimeng'enya) unakula nini", nikimjibu mmoja anakuja mwingine na swali lilelile, kwaiyo naandika hapa mara moja af kuanzia leo nawatumia linki basi. Mimi nina mgahawa hapa Moshi, nakaanga maandazi na chapati kila siku ya Mungu na mwenyewe siruhusiwi kula hata moja, kwaiyo haya mambo nayajua kwa upande wa sufuria. Sio daktari.

Na kabla hamjaanza: hapana, sikuwa mlevi. Pombe ni sababu kubwa ndio, ila mimi nilikuwa na mawe kwenye kifuko cha nyongo. Njia ya nyongo na njia ya kongosho zinakutana pale zinapoingia utumbo mdogo, jiwe likishuka likakwama pale, vile vimeng'enya vya kusaga chakula vinabaki ndani vinaanza kukisaga kiungo chenyewe. Karibu mwaka mzima nilikuwa namezeshwa dawa za vidonda vya tumbo kwenye zahanati moja, kila nikirudi wananibadilishia rangi ya vidonge, mpaka nikaja kulazwa siku 11. Kifuko kimetolewa lakini kongosho lilishachakaa. Haya.

HATUA 1. Hakikisha ni kongosho kweli. Maumivu yake yanakaa juu ya kitovu chini ya chembe ya moyo, yanapenya mpaka mgongoni, ukilala chali yanazidi, ukikaa umeinama mbele yanapungua kidogo, na kutapika juu. Kwenye damu wanapima lipezi au amilezi, ndo vimeng'enya vya kongosho vyenyewe, ikiwa imepanda mara 3 au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida hapo ndo wanaanza kuongea lugha ya kongosho, na ultrasaundi wanaangalia mawe. Kama hujapima usianze kula kama mimi, utajikondesha bure.

HATUA 2. Pombe basi. Na mbege. Na ya kuonja.

HATUA 3. Sigara basi, hata kama hunywi pombe sigara yenyewe inaliharibu kongosho.

HATUA 4. Maji ya kutosha kutwa nzima, sio lita nzima kwa mkupuo.

HATUA 5. MAFUTA. Hapa tulieni manake hapa ndo nilipojiua mwenyewe.

Nilipotoka hospitali niliambiwa mafuta yasizidi gramu 40 kwa siku nzima. Mimi nikasikia "acha vya kukaanga". Nikaacha kweli, chipsi nikaacha, kitimoto nikaacha, nyama choma nikipita naziba pua. Af nikawa najipongeza na parachichi. Si unajua kwetu huku, mti uko nyuma ya nyumba, linadondoka lenyewe, na kila mtu anakwambia parachichi ni mafuta mazuri, yana faida mwilini, hata kwenye redio wanasema. Nikawa nakula zima kwa siku, nusu asubuhi na mkate nusu jioni, na nikisikia njaa pale mgahawani natafuna karanga viganja viwili, najiona nakula kiafya kuliko mtaa mzima. Wiki ya tatu nikaamka saa nane usiku nimejikunja kama mtoto tumboni, nikarudishwa wodini.

Yule dada wa lishe akanikalisha tukapiga hesabu na kalamu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kama gramu 14. Parachichi, kila gramu 100 za nyama yake zina kama 15 za mafuta, na haya ya kwetu makubwa ukitoa kokwa na ganda unabaki na gramu 230 na zaidi, kwaiyo peke yake ni 35 hivi. Karanga kiganja kimoja 14, mimi viwili, 28. Mboga na wali nilikuwa naweka vijiko viwili vya mafuta, tena alizeti najisifu, 28 nyingine. Jumla 91. Niliambiwa 40!! Na hapo sijakula hata sambusa moja.

Kwaiyo andikeni ukutani: mafuta mazuri na mabaya hayo ni maongezi ya moyo. Kongosho linatoa kimeng'enya kwa kila gramu ya mafuta iliyoshuka, iwe ya parachichi, korosho, tui la nazi, siagi, mafuta ya nguruwe, linahesabu jumla tu. Onyo la pili, usikadirie kwa macho. Mkono wa mtu aliyezoea kupika ni mwongo, mimi "kijiko" changu nilikuja kukipima kikawa vijiko vitatu. Dawa yake: asubuhi napima mafuta yangu ya siku kwa kijiko, naweka kwenye kichupa kidogo, yakiisha yameisha, mboga ya jioni naichemsha na nyanya na kitunguu. Onyo la tatu, vyakula laini vinadanganya. Mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ni laini kweli ila wenyewe mnajua jinsi unavyopikwa na mifupa yenye uboho af juu linadondoshwa donge la siagi. Laini sio sawa na bila mafuta.

Mtori wangu: nachemsha mifupa jioni, naacha supu ipoe usiku kucha, asubuhi mafuta yameganda juu kama mshumaa nayabandua yote natupa, ndo naweka ndizi. Nyama nachukua steki naparua kila kilicho cheupe, kuku natoa ngozi kabla ya kupika, sio mezani. Perege nachemsha na ndimu, tangawizi na karoti. Kiburu ndo rafiki yangu, ndizi na maharage bila mafuta kabisa. Maziwa nachemsha, nikiamka natoa utando, hayawi bila mafuta lakini yanapungua. Yai ni kama gramu 5, nalila la kuchemsha na nalihesabu.

HATUA 6. Kula kidogo mara 5 au 6 kwa siku, sahani ya chai sio sinia. Usikae na njaa mchana kutwa af usiku ufidie.

HATUA 7. Kama umeandikiwa kapsuli za vimeng'enya, meza na tonge la kwanza, sio saa moja baada ya kula, chakula kitakuwa kimeshapita. Mlo mrefu unaweza kuzigawa, nyingine mwanzo nyingine katikati. Usitafune, usisage, na ukizifungua usimwagie kwenye uji wa moto, joto linaziua.

HATUA 8. Likichachamaa usilale nalo. Maumivu makali yasiyoisha, kutapika hata maji, homa, au macho kuwa njano, hospitali usiku huohuo. Mimi nilingojea kukuche, msiige.

Maswali chini, Mama Kiburu ndo mimi.

chalii_wa_Sakina: Sasa tule nini jamani mbona kila kitu umekataza

Mama Kiburu: Hatua ya 5, aya ya mwisho. Kuna vyakula saba pale.

chalii_wa_Sakina: Sawa ila fupisha basi, ndefu sana

Mama Kiburu: Wodini nilikaa siku 11, hiyo ndo ndefu.

Mzee wa Kibosho: Mwanangu umeandika vizuri lakini mbege umeionea. Mbege ni ndizi na ulezi, chakula kile, baba yangu kanywa mpaka miaka 90.

Mama Kiburu: Shikamoo mzee. Ulezi kunywa kama uji, ndizi kula kama ndizi. Vikishachachuka ni pombe, na kongosho lililokwisha kuumwa halina kiwango salama cha pombe. Baba alikuwa na kongosho zima, mimi sina.

Mzee wa Kibosho: Marahaba. Kwenye kilabu cha mbege nitakunywa na la kwako basi.

Glory_Himo: Dada mlonge na aloe vera asubuhi kabla ya kula si vinasafisha kongosho? Kuna mtu anauza Arusha anasema wiki mbili tu

Mama Kiburu: Kongosho sio karai. Halisafishwi.

Glory_Himo: Nimeuliza tu kwa wema mbona unanijibu hivyo

Mama Kiburu: Sawa nimekosa mdogo wangu, ni kwamba hili ni la tatu leo. Hayo majani sijui yana nini na ini na kongosho lako kwa pamoja, na dawa zako pia. Muulize daktari wako kabla hujanunua na usiache dawa kwa ajili yake.

fundi_dizeli: Mama habari. Mimi ilikuwa pombe, sikatai, nimeacha mwaka na miezi. Mafuta nimepunguza mpaka nakula kama mgonjwa kweli lakini kilo zinaendelea kushuka, nimetoka 71 mpaka 58, na samahani kwa kusema, choo kinaelea kwenye maji, kina kama mafuta mafuta na harufu inafukuza watu. Ni kwamba bado nakula mafuta mengi au?

Mama Kiburu: Usiombe samahani, wangeuliza wote hivyo ningeandika vitabu. Hicho choo ndo alama yenyewe, chakula kinapita bila kusagwa kwa sababu vimeng'enya vimepungua. Kaka usiendelee kubana mafuta peke yako! Hapo wengi wanahitaji kapsuli za hatua ya 7, na wakishazianza mara nyingi daktari anawaongezea mafuta kidogo ili mwili upate nguvu. Kubana kuna mwisho wake, kukonda nako kunaua. Ukienda mwambie na habari ya choo hivyohivyo ulivyoniambia mimi, usione aibu ukasema "tumbo linasumbua", ndo maana wengi tunapewa dawa za vidonda. Kingine, omba wakuangalie vitamini A, D, E na K, hizo zinasafiri na mafuta, mafuta yasiposagwa nazo zinapotea, watu wanaanza kutoona vizuri usiku na mifupa kuuma. Na sukari upime, manake insulini inatengenezwa humohumo kwenye kongosho.

fundi_dizeli: Sukari! Ndo maana nakojoa sana usiku. Naenda jumatatu.

Mama Kiburu: Nenda kesho.

Umm Salma: Assalam alaykum dada. Mume wangu kaandikiwa hizo kapsuli, nimesoma kikaratasi ndani nikaona zimetokana na nguruwe. Hajameza mpaka leo, tumekaa nazo tunaziangalia tu. Ulikutana na hili?

Mama Kiburu: Waalaykum salaam dada yangu. Ni kweli, nyingi zinatengenezwa kutoka kongosho la nguruwe, vizuri umesoma karatasi. Jirani yangu wa kitanda alikuwa Muislamu na alipata shida hiyohiyo. Alimpigia shehe wake, akamweleza kila kitu, ugonjwa gani na kama kuna dawa nyingine ya kufanana, akaambiwa dawa ya lazima isiyo na mbadala ina ruhusa yake. Ila huyo ni shehe wake, nyie muulizeni wenu, na daktari mwambieni waziwazi asidhani mzee anameza. Kukaa kimya ndo kubaya.

Umm Salma: Allah akubariki. Tunampigia leo baada ya Alasiri.

Neema_wa_Njiro: Umesema gramu 40 mbona dada yangu kaambiwa 30???

Mama Kiburu: Nimeandika "niliambiwa". Mimi. Yeye afuate yake.

Babu Shuka: Na Desemba kwenye sikukuu mnafanyaje? Mimi shida yangu ni nyumbani, ukikataa nyama ya mbuzi ya shangazi umetangaza vita ya ukoo.

Mama Kiburu: Hahaha hilo swali nimelingojea. Mimi nakula nyumbani kabla sijaenda, sahani yangu kamili, nikifika nachukua ndizi na kipande kimoja cha nyama nazunguka nacho mkononi masaa mawili. Shangazi anaangalia mkono, haangalii mdomo. Af mwaka wa pili nilimwita mama mkwe akaja kuona yale mafuta yaliyoganda juu ya supu kwenye sufuria, alikaa kimya sana. Saivi yeye mwenyewe ananitengea mtori wangu pembeni kwenye kisufuria.

Neema_wa_Njiro: Nisamehe kwa lile swali, nilisoma juujuu. Hicho kiburu bila mafuta hakiwi kikavu? Mimi kikinishinda ndo namimina mafuta.

Mama Kiburu: Yamekwisha. Maharage yachemshe mpaka yaive yapasuke, usimwage maji yake, hayo ndo utamu. Ndizi weka mshare mbichi zilizokomaa, magadi chembe tu kwenye ncha ya kisu, funika moto mdogo. Zikiiva ponda robo tu kwa mwiko, zile zilizopondeka ndo zinashika zile nyingine. Kikikaza ongeza maji ya maharage, sio ya bomba.

Babu Shuka: Mshare saivi sokoni Mbuyuni mkungu bei gani?

Mama Kiburu: Usinunue mkungu mwenzangu, nunua kichane.