Mgonjwa wa kifafa akianza kusahausahau na kupoa, fanya hivi

Jamani kama unaishi na mtu mwenye kifafa na siku hizi anasahausahau, kapoa, hata Simba na Yanga wakicheza hatoki chumbani, usikimbilie kusema kifafa kimeshamharibu akili. Mimi nilimwambia mdogo wangu hivyo hivyo, mpaka leo inaniuma.

Anza na daftari, la shule tu. Kila siku andika kaanguka au hajaanguka, kanywa dawa saa ngapi, kalalaje, moyo wake ukoje. Wiki tatu hivi utaanza kuona mwenyewe, maana kusahau kuna vyanzo vingi: akitoka kuanguka kichwa kinakuwa kizito siku moja mbili kisha kinapungua, dawa nazo kama fenobabitoni zinasinzisha na kumfanya mtu mzito wa kufikiri, halafu kuna kifafa kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo usawa wa masikio, ambako ndo kumbukumbu zinatengenezwa. Na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito unaomfanya mtu apoe, yenyewe inasahaulisha! Mtu aliyezama kwenye mawazo hashiki unachomwambia, unadhani ubongo umeisha kumbe ni sonona, na sonona inatibika.

Daftari mpelekee daktari. Kwetu Tanzania kifafa mara nyingi kinatibiwa kliniki ya afya ya akili, ila watu wanachukua vidonge wanaondoka, wakati wamekaa mbele ya mtu anayetibu sonona pia. Semeni. Kama hasira au huzuni ilianza baada ya kubadilishiwa dawa, levetirasetamu kwa mfano, taja tarehe. Lakini USIMWACHISHE dawa ghafla, hata ukiwa na uhakika ndo tatizo, anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka na hiyo inaua. Akiandikiwa dawa ya sonona mkumbushe daktari kuwa ana kifafa, maana chache kama bupropioni zinaweza kumwangusha.

Nyumbani weka alamu kwenye simu, dawa ziwe kwenye kiboksi cha siku saba, mwagize kitu kimoja kimoja. Na ile "si nimekwambia asubuhi?" iacheni kabisa, inamvunja.

La mwisho najua linatisha: muulize wazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumpi wazo. Akikubali, vidonge vyote shika wewe, usimwache peke yake hata dakika, na nendeni hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku.