SOMO: Kusomesha watoto nyumbani hapa Texas (someni kabla ya kunipigia)

Wapendwa, wiki hii nimeulizwa jambo hili mara tisa, na simu mbili ziliingia nikiwa nimeshalala. Naandika yote hapa mara moja. Nina watoto wawili, wa miaka minane na mitano, na huu ni mwaka wa tatu nasomesha mwenyewe.

Hatua ya 1: barua. Kama mtoto yuko shule ya serikali, andika barua ya kumtoa: jina lake, tarehe, na kwamba kuanzia siku hiyo anasomeshwa nyumbani. Itume kwa posta yenye risiti, tunza nakala. Usimzuie nyumbani kimyakimya, ataandikwa mtoro. Ambaye hajawahi kuandikishwa, Texas haidai barua wala kibali.

Hatua ya 2: masomo. Ya lazima ni matano: kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Sayansi na historia ongeza mwenyewe, tafadhali usiziache.

Hatua ya 3: vitabu. Kadi ya maktaba. Hadithi za Kiswahili ziko bure kwenye tovuti ya African Storybook, unachapa nyumbani.

Hatua ya 4: ratiba. Masaa mawili na nusu asubuhi yanamtosha mtoto wa miaka sita. Shuleni wanakaa siku nzima kwa sababu mwalimu mmoja ana darasa zima. Wewe una wawili.

Hatua ya 5: kusoma. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo hapa msiruke hata mstari.

Binti yangu mkubwa, wiki ya sita tu, alikuwa anasoma "Baba ana bata" ukurasa mzima bila kusita. Nikamrekodi, nikamtumia bibi yake Tanga. Bibi akasikiliza, akaniambia: "Huyo kakariri, mama. Funika picha." Nikaweka kiganja juu ya yule bata. Mtoto akanyamaza. Akaniangalia usoni, akaangalia mkono wangu, machozi yakaanza kumlengalenga. Wiki sita zote alikuwa anasoma picha na sauti yangu, herufi hazijui.

Tukaanza upya kwa silabi, kama tulivyofundishwa sisi. Nilikata boksi la nafaka ya asubuhi nikapata kadi: ba be bi bo bu, ka ke ki ko ku, na kuendelea. Unazichanganya kama karata, unapanga mbili, anasoma. Panga na maneno yasiyokuwepo: *bolu, kemi, tufo*. Neno lisilo na maana halikaririki, hapo utajua anasoma kweli. Na kidole kiwe chini ya silabi. Akiangalia dari huku anatamka, msimamishe.

Onyo la pili, na hili ni la sisi tulio huku. Mtoto aliyepita chekechea ya Kiingereza anaijua *e* kwa jina la "i", na *i* kwa jina la "ai". Wangu alisoma *embe* akasema "imbi". Usimgombeze, hajakosea, amechanganya nyumba mbili. Mimi niliweka Kiswahili asubuhi kwa kadi za kijani, Kiingereza baada ya chakula cha mchana kwa kadi nyeupe. Miezi miwili, mgongano ukaisha.

Hatua ya 6: hesabu. Maharage na vifuniko vya chupa, mpaka ashike kumi kumi. Karatasi baadaye.

Hatua ya 7: kumbukumbu. Daftari moja, kila siku mistari miwili. Mkihama jimbo mtalihitaji.

---

MAMA PACHA HOUSTON: Asante dada. Naomba unitumie ratiba na vitabu inboksi.

Jibu: Hatua ya 4 na ya 3.

MAMA PACHA HOUSTON: Sina muda wa kusoma yote mpenzi.

Jibu: Kusomesha ni kila siku, mama. Anza na ukurasa huu.

BABA IMANI: Niko Pennsylvania, nafuata hivihivi?

Jibu: Hapana kaka, usithubutu. Kila jimbo na sheria yake. Kwenu unapeleka hati ya kiapo kwa wilaya ya elimu kila mwaka, unatimiza siku 180, au saa 900 kwa wa msingi, na unatunza jalada la kazi zake. Mwisho wa mwaka mtathmini mwenye sifa analipitia. Anza na hiyo hati.

MZAZI MKWELI: Mnawafungia watoto, watakuwa hawajui kukaa na watu.

Jibu: Wangu Jumanne wako maktaba, Alhamisi mpirani, Jumamosi madrasa. Hilo si swali, ni hukumu, na hujawahi kuwaona.

BINTI MUHEZA: Shikamoo dada. Mimi niko huku nyumbani Tanzania, wangu yuko darasa la pili na kusoma bado. Nga na ng'a zinamshinda kabisa. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri sana hili. Huko elimu ya msingi ni lazima kisheria, kwa hiyo abaki shule, wewe mpe dakika ishirini kila jioni. Kwanza silabi za konsonanti moja mpaka asisite. Kisha mba, nda, nja. Kisha cha na sha. Ng'a iwe ya mwisho, na usiifundishe siku moja na nga. Anza na sikio: afumbe macho, wewe taja *ngoma, ng'ombe, nguo, ng'ambo*, ainue mkono akisikia ng'. Akipatia zote siku tatu mfululizo, ndipo umwoneshe kadi. Halafu imla ya maneno matano, usizidishe. Nijulishe maendeleo, nitasubiri.

MDIGO DALLAS: Dada, kwenye hesabu jaribu bao. Kila mchezaji ana kete 32: sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, zilizobaki mkononi. Mwanangu alijifunza kutoa kwa kuulizwa mkononi zimebaki ngapi.

Jibu: Kaka, hili sikulifikiria kabisa! Bao umelipata wapi huku? Na komwe za kuchezea?

MDIGO DALLAS: Trei tatu za mayai kumi na mbili. Mbili nzima, ya tatu unakata vipande viwili vya mashimo manne manne. Unaunganisha, unapata safu nne za mashimo manane. Kete ni maharage makubwa.

Jibu: Trei mbili ninazo jikoni. Ya tatu naipata kesho sokoni, mchana tunaanza.