Amonia Gani ya Kukomazia Tangi Jipya la Samaki

Chagua amonia ambayo unajua kiasi chake kabla haijagusa maji. Huo ndio msimamo wangu, na vigezo vingine vyote vinakuja nyuma yake. Anayekomaza tangi bila samaki, yaani anayekuza bakteria wa kusafisha maji kabla samaki hawajaingia, analisha viumbe asiowaona, na njia ya kujua kama wamekula ni kulinganisha kilichoingia na kilichobaki. Usipojua kilichoingia, namba ya kipimo haikuambii kitu.

Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Nitrati wanaivumilia zaidi. Wengi wa bakteria hao hujishika kwenye sponji ya filta na changarawe, si kwenye maji yenyewe, kwa hiyo filta ifanye kazi usiku na mchana tangu siku ya kwanza.

Mimi hutumia amoniamu kloridi safi, isiyo na viongezi. Ni chumvi nyeupe, inayeyuka upesi, haichomi pua, na hesabu yake haibadiliki: miligramu 3.14 za chumvi hiyo hutoa miligramu 1 ya amonia. Yeyusha gramu 31.4 kwenye maji kidogo, kisha ongeza maji mpaka yatimie lita moja. Kila mililita ya mchanganyiko huo huongeza miligramu 1 kwa lita katika lita 10 za maji. Tangi lenye lita 100 likihitaji miligramu 2 kwa lita, vuta mililita 20 kwa sirinji, umemaliza. Andika jina la dawa kwenye chupa na uiweke mbali na watoto. Hesabu lita za maji yaliyomo, si ukubwa ulioandikwa kwenye boksi la tangi, maana mawe na changarawe hula nafasi.

Kuna jambo dogo linalowachanganya watu hapa. Vipimo vingine husoma amonia nzima, vingine husoma nitrojeni iliyomo ndani yake tu. Kwa hivyo vya pili, 2 uliyoipigia hesabu itaonekana kama 1.6 hivi. Soma karatasi ya kipimo kabla hujaongeza dozi ukidhani umepunja.

Amonia ya maji inayouzwa kwa usafi wa nyumbani nayo inafaa, mradi iwe ni maji na amonia basi. Lebo ikitaja sabuni, manukato au rangi, iache hapo hapo dukani. Lebo ikikaa kimya, tikisa chupa: viputo vikipotea mara moja ni dalili njema, povu likibaki juu kuna sabuni ndani. Lakini jaribio hilo hukamata sabuni tu, manukato yanaweza kupita bila kuonekana, kwa hiyo chupa isiyotaja viungo vyake mimi siinunui hata ikipita mtihani wa povu. Ikiwa na nguvu ya asilimia 10, mililita 1 katika lita 100 hukupa karibu miligramu 1 kwa lita. Chupa iliyofunguliwa hupoteza amonia hewani, hivyo asilimia ya lebo inazidi kuwa ya kukisia kadiri siku zinavyokwenda. Amini kipimo, si lebo. Imimine dirisha likiwa wazi, na usiikutanishe kamwe na dawa ya klorini ya kufulia, kwa sababu gesi inayotoka ni sumu.

Chakula cha samaki, au kamba mbichi aliyefungwa kwenye soksi nyembamba? Njia hiyo inafanya kazi. Lakini protini lazima ioze kwanza ndipo amonia itoke, na inatoka kwa kasi yake yenyewe: leo hakuna kitu, kesho kutwa imefurika. Maji yanachafuka, ukungu mweupe unaota, fosfati inabaki nyuma ikisubiri kulisha mwani. Sina subira nayo. Kama huna kingine, tumia soksi hiyo ili uweze kutoa uozo wote kwa mkono mmoja kipimo kikikaribia miligramu 4 kwa lita.

Mkojo naulizwa mara nyingi kuliko ningependa. Una yurea, na yurea si amonia mpaka ivunjwe. Kipimo chako hakiioni, na huko nyuma tumekubaliana tunataka kupima. Mbolea za bustani pia ziache, kwa sababu nyingi zimechanganywa na vitu ambavyo hukuviomba, shaba ikiwemo.

Halafu kuna udongo maalumu wa mimea ya majini, ule mweusi wa punje. Baadhi ya aina zake hutoa amonia zenyewe kwa wiki kadhaa. Ukiutumia, pima kwanza. Huenda huhitaji kununua amonia yoyote.

Sasa dozi. Toa klorini kwenye maji, weka joto kati ya nyuzi 25 na 28, kisha tia amonia ifike miligramu 2 kwa lita. Usizidishe 4: nyingi mno huwapunguzia kasi hao hao unaowalisha. Ukipata kipande cha sponji kutoka filta ya tangi la zamani lenye samaki wazima, kitie ndani ya filta yako. Hakuna chupa ya bakteria ya dukani ninayoiamini zaidi ya hicho. Amonia ikishuka karibu na sifuri, rudisha dozi. Nitriti itapanda na kukaa juu muda mrefu, na hapo ndipo watu hukata tamaa. Ikifika rangi ya mwisho ya kipimo, punguza dozi kwa nusu, au badilisha sehemu ya maji. Kila kitu kikisimama ghafla, pima pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji. Kazi ya bakteria hula ualkali wa maji, na pH ikishuka chini ya 6.5 wanazorota, baking soda kidogo, au maji mapya yaliyotolewa klorini, huwaamsha.

Tangi limekomaa pale miligramu 2 zinapoisha ndani ya saa 24, amonia na nitriti zote zikisoma sifuri. Inaweza kuchukua wiki tatu, inaweza kuchukua nane. Badilisha maji mengi ili kuteremsha nitrati. Samaki wakichelewa, endelea na dozi ndogo kila baada ya siku mbili au tatu, isimamishe siku moja kabla hawajaingia, na upime tena asubuhi ya kuwaingiza.